Kiwanja: gitaa na sauti bila grupu, ununue ampli gani?

KIWANJA – Grupu ilikuwa nyuma ya ukuta wa matofali, mita kumi hivi kutoka tulipokaa, na bado ndiyo iliyosikika kuliko sisi wote. Ilikuwa sherehe ya mahari, Jumamosi mchana, uani chini ya hema, wageni pengine mia moja na hamsini. Mimi nilishika gitaa, dada anayeimba nami alishika mikro, na vyote viwili vilikuwa vimechomekwa kwenye ampli moja ya gitaa tuliyoikodi asubuhi hiyo. Gitaa lilisikika vizuri. Maneno hayakusikika. Katikati ya wimbo wa tatu mama wa binti alikuja, akaniinamia sikioni, akauliza kama dada yetu anaumwa koo.

Hakuwa anaumwa. Alikuwa anaimba majina ya wazee wa familia zote mbili, kazi tuliyopewa na ambayo tulikuwa tumeifanyia mazoezi wiki nzima. Wageni wa mstari wa mbele walisikia sauti ya mtu anayeimba ndani ya blanketi. Wa nyuma walisikia grupu. Jioni tulilipwa nusu ya tulichopatana, na sikuweza kubishana, maana familia ilinunua majina na majina hayakufika.

Tangu siku hiyo sisi watatu, mimi, dada na kijana anayepiga kigoma, tumekuwa tukiweka pesa kidogo kidogo mpaka tukafikisha dola 620. Katika Kiwanja hii, mji ulioko kilomita 70 hivi kaskazini mwa Goma, baada ya Rutshuru, pesa hiyo si mchezo. Mji huu umepita katika mambo mengi: Novemba 2008 bado inakumbukwa katika kila familia, na tangu vita iliyorudi Oktoba 2022 kazi za wanamuziki zinapatikana kwa msimu. Benki zilipofungwa Goma mwaka 2025, akiba yetu ilikaa ndani ya kopo la maziwa. Ukikosea kununua, hakuna dola 620 nyingine mwaka huu. Ndiyo maana nimetumia miezi miwili kuuliza mafundi, kusoma na kujaribu mashine za watu. Niliyoyapata nayaandika hapa kwa yeyote mwenye gitaa moja, mwimbaji mmoja na pikipiki ya kukodi.

Kwanza neno lenyewe. Ukisema jazz huku kwetu, mzee atakuuliza ipi. African Jazz ya Joseph Kabasele ilianza mwaka 1953, OK Jazz ya akina Franco mwaka 1956, na zote mbili zilipiga rumba. Tanzania nako kulikuwa na Morogoro Jazz na Tabora Jazz, Kenya kukawa na Shirati Jazz. Neno lilikuwa la heshima, la kuonyesha kwamba bendi ni ya kisasa. Sisi tunapiga rumba za zamani, nyimbo za Kiswahili, na jazz ya Kimarekani kiasi ninachoweza. Kwa upande wa ampli tofauti hiyo si kubwa sana. Rumba ya zamani na jazz zote zinataka gitaa safi, lenye joto kidogo, lisilokwaruza. Wanaotaka gitaa linalounguruma wana mahitaji mengine na wasome makala nyingine.

Huku Kivu mfano wetu upo. Lokua Kanza alizaliwa Bukavu mwaka 1958, akaenda Paris akasoma jazz, na sifa yake kubwa ni gitaa na sauti ya chini, karibu kama mtu anayekusemesha. Kabla yake, upande wa Katanga, Jean Bosco Mwenda alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 akiwa na gitaa la kawaida lisilo na waya wowote. Muziki wa namna hiyo hauhitaji makelele, lakini lazima neno lifike.

Na hapo ndipo nilipoelewa kosa letu la siku ile. Spika ya ampli ya gitaa imetengenezwa kwa ajili ya gitaa tu. Inatoa vizuri sauti za chini na za kati, kisha kuanzia takriban hezi 5,000 kwenda juu inanyamaza haraka. Kwa gitaa hiyo ni faida, kwa sababu ule mkwaruzo wa nyuzi unakatwa na joto linabaki. Kwa mwimbaji ni hasara, maana herufi zinazotenganisha neno na neno, s, f, t, sh, ch, zina nguvu yao kubwa hukohuko juu. Ukizikata, irabu zinabaki peke yake. Mtu anasikia kwamba kuna wimbo, anajua hata ni wa nani, ila hawezi kukuambia umesema nini. Kuongeza sauti hakusaidii. Unapata blanketi kubwa zaidi.

Kinyume chake kinavumilika. Spika iliyotengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtu, ile yenye spika kubwa ya chini pamoja na twita ya juu, itapokea gitaa na kulitoa likiwa kali kidogo. Ukipunguza kitasa cha sauti za juu kwenye gitaa lenyewe, au kwenye chaneli yake, jazz inarudi. Hivyo ushauri wangu wa kwanza, ambao wapiga gitaa wenzangu hawaupendi, ni huu: chagua mashine kwa ajili ya mwimbaji, kisha gitaa lijipange humo. Mpiga gitaa ana vitasa, kalamu na vidole vya kubadilisha sauti yake. Mwimbaji ana koo tu.

Nasema hivi huku nikikumbuka kwamba zamani gitaa ndilo lililokuwa likionewa. Charlie Christian alipoingia kwa Benny Goodman mwaka 1939 na gitaa lake la umeme, sababu mojawapo ya umeme huo ilikuwa kwamba gitaa tupu lilizama chini ya tarumbeta. Miaka zaidi ya themanini baadaye, chini ya hema la Kiwanja, gitaa limelipiza kisasi kwa mtu asiyehusika.

Kuna jambo dogo la milango ya kuchomeka, na linaua watu wengi kimyakimya. Gitaa la umeme lenye kinasa sauti cha sumaku linataka mlango wenye ukinzani mkubwa, mara nyingi huandikwa Hi-Z au huchorwa gitaa pembeni yake. Ukilichomeka mlango wa kawaida wa mikro au wa simu, linakuwa zito, halina uhai, na utafikiri gitaa limeharibika. Dawa ni kutafuta mashine yenye mlango huo, au kununua kisanduku cha DI. Mikro ya kawaida ya mkononi, kama Shure SM58 na nyingi zilizoiga umbo lake, haihitaji umeme wowote kutoka kwenye mashine. Zile za studio zinahitaji volti 48. Kwa uani, chini ya hema, mikro ya mkononi inatosha na inavumilia kuanguka.

Sasa mashine zenyewe. Nitazitaja zile nilizoweza kuzifuatilia, na anayejua nyingine aongeze.

Wapiga jazz wa Ulaya wanaisifu sana AER Compact 60 ya Ujerumani. Ina wati 60, uzito wa kilo 6 na nusu hivi, chaneli mbili, na ya pili inapokea mikro. Niliisikia mara moja tu, Goma, na nilikaa kimya. Lakini haina betri, na bei yake inapita dola 1,000. Kwa hoteli yenye kurani saa zote ni mashine ya ndoto. Kwa uani Kiwanja bado unarudi kwenye grupu.

Roland Cube Street EX ina wati 50 na inatumia betri 8 za AA, zilezile za redio na tochi. Wanaopiga barabarani Ulaya wanaipenda kwa sababu hiyo. Huku kwetu betri hizo ndizo shida: za bandia zimejaa, na seti moja mbovu inaweza kukuacha katikati ya ibada. Ukiichukua, nunua betri za kuchaji zilizo nzuri, seti mbili, pamoja na chaja yake, na uhesabu gharama hiyo ndani ya bei.

Fishman Loudbox Mini Charge ina wati 60, betri ya ndani ya kuchaji, chaneli ya gitaa na ya mikro. Ni ya watu wa gitaa la mbao, sauti yake ni tamu, na twita ipo. Ina kilo 9 na nusu hivi, jambo ambalo utalihisi ukiwa nyuma ya pikipiki umeikumbatia kutoka Kiwanja hadi Rutshuru na gitaa mgongoni.

Kisha kuna aina ambayo si ampli ya gitaa kabisa, ni spika ndogo ya hadhara yenye betri. Bose S1 Pro, iliyotoka mwaka 2018, ina kilo 7 hivi, na unaweza kuisimamisha, kuilaza ielekee juu, au kuipandisha kwenye stendi. JBL EON One Compact ina spika ya inchi 8, kilo 8 hivi, mlango wa Hi-Z wa gitaa, na betri inayotolewa na kubadilishwa. Hilo la mwisho lilinivutia kuliko yote. Betri ya lithiamu huchoka baada ya miaka kadhaa. Kama imefungwa ndani, siku hiyo mashine inakuwa samani. Kama inatoka, unatafuta nyingine, au fundi anafungua hiyo moja bila kugusa mashine. Mpya, mashine hizi za betri huuzwa ng'ambo kati ya dola 500 na 800, na kufika huku ni hesabu nyingine.

Siwezi kuyasahau makasha ya plastiki yenye magurudumu na taa za rangi yanayojaa maduka ya Birere, Goma. Yameandikwa wati elfu kadhaa. Yana mikro mbili zisizo na waya, redio, mlango wa gitaa, na bei ambayo kijana anaweza kuifikia. Sitayatukana. Kwa hotuba, kwa mahubiri, kwa kumuita mwenye pikipiki iliyozuia njia, yanafanya kazi. Lakini wati zile elfu ni za kwenye karatasi, na spika kubwa ya inchi 15 iliyomo hutoa besi inayovimba na kufunika sauti ya mtu. Nililijaribu moja na gitaa langu. Nyuzi za chini ziligeuka ngoma na za juu zikawa bati.

Kuhusu wati, watu wengi tunadanganyika, nami nilikuwa kiongozi wao. Kutoka wati 60 hadi 120 unaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaitambua kwa shida kwenye kelele. Ili msikilizaji ahisi sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Na nje, pasipo kuta, sauti inapungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Chukua mashine inayotoa desibeli 100 kwa mtu aliye mita moja. Mita 2 ni 94. Mita 4 ni 88. Mita 8 ni 82. Mita 16 ni 76, na hapo wageni wanaozungumza na kunywa tayari wanakushinda.

Maana yake ni kwamba mahali pa kuweka mashine pana nguvu kuliko wati. Siku ya mahari ampli yetu ilikuwa chini, kwenye majani, ikielekea magoti ya wazee wa mstari wa mbele. Sauti za juu zinakwenda moja kwa moja kama tochi, na magoti yalizimeza zote. Ipandishe mpaka usawa wa kichwa cha mtu aliyesimama. Isogeze karibu na katikati ya wageni badala ya pembeni. Usiielekeze kwenye mikro, maana itaanza ule mluzi ambao mafundi wetu wanauita larsen, na gitaa lenye tumbo wazi litaitikia kwa mngurumo wake. Kama una gitaa la namna hiyo, ziba mashimo yake kwa kitambaa au sponji. Halipendezi kwa macho, lakini linakaa kimya pale linapotakiwa.

Umeme. Kiwanja si gizani kama wengine wanavyodhani. Kituo cha Matebe, kwenye mto Rutshuru, chenye megawati 13 na kidogo, kilizinduliwa Desemba 2015, na nyumba zilizounganishwa zinapata kurani. Lakini sherehe haifanyiki palipo na mita ya umeme, inafanyika palipo na nafasi. Na penye waya mrefu uliovutwa kutoka kwa jirani, wapishi wamekwisha kuchomeka birika.

Wengi wetu tunategemea betri ya sola na konvertisa. Hesabu yake ni rahisi. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukiimaliza yote unaiua, kwa hiyo hesabu nusu, 600. Konvertisa inakula kidogo, zinabaki kama 500. Ampli ya wati 60 haili wati 60 muda wote, maana muziki una mapumziko. Kwa wastani itakula nusu ya hizo au pungufu. Utapiga mpaka wageni walale. Betri ya pikipiki ya ampea-saa 7, kwa hesabu hiyohiyo, haitakupa zaidi ya saa moja na kitu. Tatizo la konvertisa za bei ndogo ni kwamba umeme wake si laini, na gitaa lenye kinasa sauti cha sumaku litanguruma kama nyuki. Zipo zinazotoa umeme laini, ni ghali zaidi, na kwa muziki hizo ndizo za kununua. Au uchukue mashine yenye betri ndani na usahau konvertisa.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nipende betri, na nimeiweka hapa mwishoni ingawa ningeweza kuanza nayo. Mpiga gitaa anayeimba ameshika nyuzi za chuma kwa mkono na amegusisha midomo kwenye mikro ya chuma. Gitaa likiwa kwenye ampli moja, mikro kwenye mashine nyingine, na waya wa ardhi wa mojawapo ukiwa umekatika au haukuwahi kuwepo, mwili wake unakuwa njia ya umeme. Mwaka 1972 Leslie Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alikufa jukwaani Swansea, Wales, kwa namna hiyo. Huku kwetu waya wa ardhi ni kitu cha kusimuliwa. Ongeza mvua ya Aprili na miguu kwenye matope. Dada yetu alishawahi kupigwa mdomoni, kidogo tu, akacheka, nasi tukacheka naye. Sicheki tena. Sanduku moja linalopokea gitaa na mikro pamoja, likiendeshwa na betri yake bila waya wowote kutoka ukutani, linaondoa hatari hiyo yote.

Kununua kwenyewe ni safari. Tangu mapigano ya Januari 2025 yalipoufunga uwanja wa ndege wa Goma, vitu vinakuja kwa barabara, kupitia Gisenyi upande wa Rwanda au Bunagana upande wa Uganda. Anayetaka kuagiza kwa ndege hadi Kampala au Kigali ajue kwamba betri za lithiamu zinazopita wati-saa 100 zinahitaji kibali cha shirika, na zinazopita 160 haziruhusiwi kwenye mizigo ya abiria. Uliza kabla ya kumtumia pesa ndugu aliyeko Ulaya.

Ukikuta iliyotumika, usisikilize muziki wa simu wa muuzaji. Muziki uliorekodiwa unapendeza kwenye kila spika. Nenda na mikro yako, waya wako na gitaa lako. Mwambie anayeimba asome orodha ya majina, si kuimba, na wewe utembee hatua ishirini nyuma, ikiwezekana mpaka upande wa pili wa barabara. Ukisikia kila jina, endelea. Kisha iache iwake bila chaja saa nzima, kwa sauti, huku ukinywa chai na muuzaji. Atachoka kabla ya betri, kama betri ni nzima.

Ndivyo tulivyofanya Goma. Muuzaji mmoja alikataa hilo la saa nzima, tukamuaga. Wa pili alikubali, akaleta viti. Tulichukua JBL iliyotumika, betri yake ikiwa na nguvu, kwa dola 430. Ilirudi nasi ndani ya basi, kupitia Kibumba na Rumangabo, ikiwa imefungwa kwa kitenge cha dada na kuwekwa miguuni pangu. Dola nyingine 35 zilinunua mikro nzuri kiasi na waya wake. Zilizobaki zimerudi kwenye kopo, kwa ajili ya betri ya pili.

Wiki iliyopita tulipiga kwenye kilio, nyumba ya jirani, saa mbili za usiku, sauti chini kabisa kwa sababu ya msiba. Grupu haikuwepo. Tuliiweka mashine juu ya meza iliyopandishwa juu ya meza nyingine, na kila mtu aliyepita karibu nilimtazama kwa hofu. Stendi ya chuma inauzwa Goma kwa bei ambayo hatuna. Fundi seremala wa hapa ametuahidi ya mbao, miguu mitatu, yenye kukunjwa ili ikae kwenye pikipiki. Ametaka dola 8. Tumempa 5, nyingine atapata baada ya harusi ya Jumamosi.